Mstari wa Chini Kabisa

Kila asubuhi, jua likianza kugusa mapaa ya bati ya Bariadi, Kabula alikuwa ameshateka ndoo mbili za maji, ameshafagia uwanja na ameshagombana na baiskeli yake. Baiskeli hiyo aliirithi kwa babu yake na, kama vitu vingi vya urithi, ilikuwa na sifa nyingi kuliko nguvu. Mnyororo ulichomoka mara moja akienda shule na mara moja akirudi. Ukipita siku nzima bila kuchomoka, Kabula aliogopa kwamba kuna jambo baya linakuja.

Bahati yake, kwenye kona ya soko alikuwepo fundi. Mji mzima ulimwita Mzee Mmakonde. Na kwa kuwa watu waliamini kila Mmakonde ni mchonga vinyago, watu wazima na akili zao walikuwa wakimwagiza miiko na vinu. Mzee yule hakujua kuchonga hata kijiti cha kuchokolea meno. Tena hakuwa Mmakonde, alikuwa Mmakua. Lakini nani alimuuliza? Walishampa jina, na jina la kupewa halina rufaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeniletea mgonjwa wako?" Mzee aligeuza kichwa ili asikie kwa sikio la kulia, maana la kushoto lilikuwa limekufa zamani. Aliipindua baiskeli, akaushika mnyororo kwa vidole vyeusi vya grisi, na kabla Kabula hajamaliza kupenga kamasi, kazi ilikuwa imekwisha. Hakumtoza kitu hata siku moja. "Baiskeli hii naijua kabla yako," alisema, na hapo maelezo yake yaliishia.

Kabula alikuwa darasa la sita, na kwa kusoma kwa sauti hakuwa na mpinzani shuleni. Kwa hiyo mwezi wa saba ulipoingia, mtendaji wa kata, Bwana Mahona, alipofika darasani na shati lake la kitenge, macho ya wanafunzi wote yalimgeukia Kabula hata kabla mtendaji hajaanza kusema.

"Tarehe ishirini na tano ni Siku ya Mashujaa," alisema Bwana Mahona. "Mwaka huu tunazindua jiwe la kumbukumbu hapa kwenye lango la shule yenu. Litakuwa la marehemu Nyanda, mwana wa kijiji cha Mwamapalala, mgambo aliyekwenda vita vya Kagera akarudi na goti lililovunjwa na risasi. Mjukuu wake yumo humu. Yeye ndiye atakayesoma habari za babu yake mbele ya wageni."

Darasa lilipiga makofi. Kabula alitazama chini kwa adabu, lakini masikio yake yalikuwa yanawaka kwa furaha.

Bwana Mahona hakuwa mtu wa kuondoka mahali palipo na wasikilizaji. Alipandisha sauti. "Vijana wetu walivuka mpaka, wakamng'oa nduli, wakafa kwenye nchi ya watu. Leo ukienda kule ukamuuliza mtoto wa shule nani alikuja kuwasaidia, anakutolea macho kama ng'ombe aliyemulikwa na gari. Wametusahau! Mtu anayemsahau aliyemwaga damu kwa ajili yake, huyo si mtu!"

Makofi yalipigwa tena, na safari hii Kabula ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote. Mwalimu Faudhia, mwalimu wao wa darasa, alisimama dirishani na chaki yake mkononi. Hakupiga makofi.

Habari za babu Nyanda hazikuhitaji kutafutwa. Zilikuwa kwenye wimbo. Katika Usukuma, baada ya mavuno, vyama viwili vya ngoma hushindana, Bagika na Bagalu, na kila upande una manju wake, yaani mtunzi anayejua kusifu na kuchoma. Manju wa Bagika, Mayige, alimtungia Nyanda wimbo mwaka ule ule aliporudi vitani, na tangu siku hiyo watoto wa Mwamapalala waliujua kabla ya kujua kuhesabu. Kwa Kiswahili ulikwenda hivi:

Goti lilivunjika, Nyanda hakulia.
Hakubebwa mgongoni kama mtoto wa kunyonya.
Kwa viwiko alitambaa, siku mbili, peke yake.

Kabula aliandika kurasa mbili kutokana na mistari hiyo mitatu. Alizipenda kurasa zile. Jumatano jioni mnyororo ulipochomoka kama kawaida yake, alizitoa kwenye mkoba akamwambia fundi, "Mzee, nisikilize, uniambie kama nimekosea." Alikwenda upande wa sikio zima, akasoma kwa sauti ya jukwaani. Alisoma goti lilivyovunjika, alisoma matope na matete, alisoma viwiko vilivyochubuka.

"Siku mbili, peke yake," alimaliza, akamtazama.

Mzee alikuwa ameacha kufanya kazi. "Rudia hapo mwisho."

"Siku mbili, peke yake."

"Peke yake." Mzee alichukua kitambaa akaanza kufuta mikono, akaifuta muda mrefu, na haikutakata. "Na mimi nilikuwa nani? Kivuli chake?"

Kabula alidhani anataniwa, akacheka. Mzee hakucheka.

"Mtoto, mimi nilikuwa askari wa Msumbiji. Ninyi mlitupa mahali pa kujifunzia vita, mkatusaidia mpaka tukamfukuza Mreno. Vita vyenu vilipokuja, nchi yangu ikasema, tukalipe wema, ikatuleta. Nilimkuta kamarada Nyanda kwenye matete, goti limefunguka kama komamanga. Nilimbeba mgongoni. Siku mbili. Siku ya pili kombora likaanguka upande huu." Aligusa sikio lake lililokufa. "Yeye halikumpata, kwa sababu mimi nilikuwa ukuta wake. Alitambaa? Kwa viwiko? Babu yako alikuwa analala usingizi mgongoni kwangu, tena anakoroma!"

Alisema neno la mwisho kwa hasira, lakini machozi yalikuwa karibu. Kabula alitoa kalamu kwenye mkoba.

"Mzee, kwani jina lako ni nani? Nikuandike."

"Miaka thelathini na minane naishi mji huu," mzee alisema taratibu. "Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza jina ukiwa na kalamu. Marcelo."

"Kama baba yangu!"

"Ndiyo," alisema mzee, akainama tena kwenye mnyororo. "Kama baba yako."

Sasa jambo hilo lilimnyima Kabula usingizi, na si yeye tu ambaye lingemnyima. Wasukuma hawampi mtoto jina hivi hivi. Yeye aliitwa Kabula kwa sababu alizaliwa siku ya mvua kubwa. Manju Mayige alipewa jina lake kwa sababu alizaliwa mwaka wa nzige. Ila baba yake, dereva wa lori la pamba, aliitwa Marcelo, na babu Nyanda hakuwahi kukanyaga kanisani. Alitambikia mizimu yake mpaka siku anakufa. Enzi za shule, walimu walimwona baba ana jina la Kikristo, wakamtuma kwenye mafundisho ya dini, akarudishwa kwa kuwa hakuwa na cheti cha ubatizo. Nyumbani jambo hilo lilikuwa kichekesho cha familia.

"Baba," Kabula aliuliza wakila ugali, "nani alikupa jina lako?"

"Babu yako. Nilidhani alilisikia kwa mapadri akalipenda. Kwa nini?"

Kabula alimweleza yote. Baba aliacha tonge kwenye bakuli la mchuzi mpaka likalainika. "Jumamosi nakwenda Mwamapalala kuchukua pamba," alisema mwishowe. "Tutakwenda wote."

Walimkuta Bibi ameketi kwenye turubai uani, anachambua pamba, safi huku na chafu kule. Kabula alipiga goti, akamwamkia kwa Kisukuma. "Mwangaluka, bibi."

"Mwangaluka, ng'wanawane, mwanangu. Njoo nione kama umenenepa."

Lakini baba hakungoja salamu ziishe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mama, Marcelo ni nani?"

Mikono ya Bibi ilisimama juu ya pamba. Alimtazama mwanawe, kisha mjukuu wake, kisha akasema kama mtu aliyechoka kubeba mzigo, "Amesema yeye mwenyewe?"

"Amesema."

"Basi amevumilia sana. Mimi ningesema zamani." Bibi alisogeza pamba pembeni. "Baba yako alirudi kabebwa. Na hakulificha, mwanzoni hakulificha. Kijiji kilimpokea kwa vigelegele, na mwezi ule ule yalikuwa mashindano. Bagalu walikuwa na shujaa wao, amerudi na kofia ya chuma ya adui, wanaipiga kama ngoma. Sisi Bagika hatukuwa na kitu. Mayige akaja hapa hapa, akamuuliza Nyanda, 'Ulirudije?' Nyanda akasema, 'Nilibebwa na Mmsumbiji.' Mayige akashika kichwa. 'Ukibebwa, tumeshindwa,' akasema. 'Bagalu watatuimbia matusi mpaka wajukuu wetu wazeeke. Acha nikutengeneze.'"

"Akamtengeneza," alisema baba.

"Akamtengeneza. Tulishinda, mwanangu! Watu walicheza siku mbili. Tulimbeba baba yako mabegani, yeye aliyekatazwa kusema kuwa amebebwa." Bibi alicheka kicheko kikavu. "Kesho yake ungeuambia umati ule kwamba wimbo ni uongo? Angefanya hivyo, angewapa Bagalu ushindi. Akanyamaza. Ulipozaliwa wewe akasema, 'Mwiteni Marcelo. Kila mtakapomwita kula, mtakuwa mmemshukuru yule.'"

"Tumemwita kula miaka yote hiyo," Kabula alisema, "na hatukujua tunamshukuru nani."

Bibi aliivuta tena pamba karibu. Alisema tu kwamba vita vya huko kwao Msumbiji vilipochacha, yule askari alikimbia, akatembea nchi nzima akiuliza njia ya Mwamapalala, kwa kuwa Nyanda alimwambia ndiko kwao. Nyanda alimpokea kwa kilio, akamchinjia dume. Lakini majirani walipouliza mgeni ni nani, alisema, "Ni fundi, tulifahamiana safarini." Mgeni alilisikia kwa sikio lake moja, na lilimtosha. Asubuhi alihamia Bariadi mjini. Kila siku ya mnada Nyanda alimpelekea baiskeli aitengeneze, hata ikiwa nzima, na wakakaa pamoja kutwa bila kutaja lile jambo.

Kabula alirudi mjini amekaa juu ya pamba ya watu na daftari mapajani. Aliandika upya. Habari ilikuwa fupi kuliko ya kwanza, na haikuwa na viwiko.

Jumatatu, yeye na Mwalimu Faudhia waliipeleka ofisini kwa Bwana Mahona. Alisoma huku akinywa soda. Alipofika katikati aliiweka chupa chini.

"Kabula, mwanangu, sikatai. Inawezekana kweli. Lakini huyu si wetu. Hana namba ya jeshi letu, hana barua, hayumo kwenye orodha niliyoletewa. Nikianza kuandika wageni, jiwe litakuwa mlima. Wenzake wamkumbuke huko kwao."

"Na kwao wakisema alipigania Tanzania, Watanzania wamkumbuke?" Mwalimu Faudhia aliuliza. "Atakumbukwa wapi, mtendaji? Mpakani?"

"Mwalimu, usinitie kwenye siasa." Bwana Mahona alichukua kalamu, akapiga mistari juu ya jina la Marcelo, mmoja, wa pili, wa tatu, kana kwamba lingeweza kufufuka. "Na hata hivyo jiwe limeshachongwa tangu wiki iliyopita."

"Kabla sijamaliza kuandika?" Kabula aliuliza.

"Wimbo si tulikuwa nao?"

Walitoka nje. Mwalimu Faudhia alikuwa na hasira, lakini alikuwa mwajiriwa, na Kabula aliliona hilo pia. "Utasimama wewe, si mimi," alisema mwalimu. "Nimekufundisha kusoma. Sikukufundisha kusoma uongo. Lakini sitakulazimisha mbele ya watu wazima ambao wenyewe hawathubutu."

Hapa ukweli usemwe, hata kama haumpendezi Kabula. Moyoni mwake alipata nafuu. Watu wakubwa walikuwa wameamua, basi lawama ilikuwa yao. Angesimama kwa sare safi, angesoma viwiko na matete, watu wangepiga makofi, na babu yake angebaki shujaa kama alivyomjua tangu utotoni. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa anapenda kusifiwa, ugonjwa ambao wakubwa wanao zaidi ya watoto. Tangu siku hiyo aliacha njia ya soko. Mnyororo ukichomoka aliikokota baiskeli kwa miguu, akapitia nyuma ya stendi, akachelewa shule mara mbili. Rafiki yake Rahma, ambaye mjomba wake alikuwa na duka la kanga pale sokoni, alimwambia, "Mzee Mmakonde anakuuliza kila siku. Anasema mgonjwa amepona au amekufa?"

Kabula alimjibu kwamba amepona.

Tarehe ishirini na tano ilifika. Turubai lilifungwa langoni, viti vya plastiki vikapangwa, na kamba ikavutwa kutenganisha wageni na watazamaji. Mbele walikaa wazee watano waliopigana Kagera, na kila mmoja alifunikwa blanketi jipya mabegani ingawa jua lilikuwa kali. Bibi alipewa kiti cha wajane. Bagika walikuwa kulia, Bagalu kushoto, na katikati ya Bagika alisimama manju Mayige, mzee wa miaka themanini na kitu, ameshika mkia wake wa nyumbu. Jiwe lilifunikwa shuka jeupe.

Bwana Mahona alihutubia. Alisema tena habari ya wale waliotusahau, tena kwa maneno yale yale, na watu wakapiga makofi. Kisha alimpa Kabula kipaza sauti na karatasi, ile ya kurasa mbili za kwanza.

Kabula alianza vizuri. Sauti haikukwama. Alisoma goti, akasoma matope. Bagika wakaanza kuguna kwa furaha maana walijua kinachokuja. Aliinua macho kidogo, kama alivyofundishwa, ili awatazame wasikilizaji.

Nyuma ya kamba, kati ya wauza karanga na watoto, alimwona. Mzee Marcelo alikuwa amevaa koti ambalo Kabula hakuwahi kuliona, limepigwa pasi, na mikono ilikuwa imesuguliwa mpaka ikatakata. Watu walikuwa wamemsukuma akasimama upande, sikio lililokufa ndilo lililoelekea spika. Lile zima lilijaa kelele za watu, hakuwa anasikia neno. Aliona tu kwamba mtoto wa baiskeli amesimama juu kati ya wakubwa na watu wanamshangilia. Basi naye alikuwa anapiga makofi. Alipiga kwa nguvu zote na alikuwa anatabasamu.

Kabula alisoma, "Siku mbili," akashindwa kuendelea.

"Peke yake!" Bagika walimmalizia kwa sauti moja.

"Hapana," alisema Kabula. Kipaza sauti kililia, naye akakishika kwa mikono miwili. "Hapana. Hapa pameandikwa uongo, na nilikuwa nataka kuusoma. Babu yangu alibebwa. Alimbeba askari wa Msumbiji siku mbili mgongoni, na sikio la yule askari lilifia hapo. Anaitwa Marcelo. Ndiye yule pale nyuma ya kamba, mnamwita Mmakonde, na wala si Mmakonde. Mmesema wengine wametusahau sisi. Sisi tumemsahau mtu anayetutengenezea baiskeli!"

Upande wa kushoto Bagalu mmoja alipasua kicheko. "Kumbe alibebwa!" Na wote wakadaka, "Alibebwa! Alibebwa!" wakiruka ruka, wamepata walichokitafuta kwa miaka arobaini na zaidi. Manju Mayige aliutupa mkia wa nyumbu chini, akapita kati ya watu akaenda zake. Mpaka leo hajamsalimia Bibi. Bwana Mahona alikuwa amefikia kipaza sauti, na Kabula alikiachia bila kushindana.

Mzee Marcelo alikuwa bado anapiga makofi. Rahma alipita chini ya kamba, akaenda upande wa sikio zima, akamwambia. Makofi yalikwisha. Mikono ya mzee ilibaki hewani, kisha ikashuka ikaning'inia tu.

Hakuna mgeni aliyenyanyuka. Baba yake Kabula aliruka kamba akaja kusimama na binti yake. Na Bibi, ambaye magoti yake yalikuwa mabovu, aliinuka kwenye kiti cha wajane, akakibeba kiti chenyewe, akatembea nacho mbele ya wakubwa wote mpaka nje ya kamba, akakiweka vumbini.

"Keti, shemeji."

"Miaka thelathini na minane nimesimama," alisema mzee. "Miguu imezoea."

"Keti hata hivyo."

Alikaa. Akasema, "Nyanda angeweza kusema mwenyewe."

"Angeweza," alijibu Bibi. Hakumtetea marehemu, na Kabula, aliyekuwa amewafikia, alisikia neno hilo likimchoma kuliko kicheko cha Bagalu.

Mzee alimgeukia. "Una kalamu?" Kabula aliitafuta mfukoni, akaigeuza karatasi ya mtendaji nyuma. "Wenzangu watatu walibaki kule. Walikuja kuwasaidia kama mimi. Andika. Agostinyo. Lorenso. Atumane. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Nisomee."

Alimsomea, naye alifumba macho mpaka jina la tatu lilipokwisha.

Usidhani mambo yalinyooka baada ya hapo. Mwalimu Faudhia aliandikiwa barua ya onyo. Kila alipokwenda ofisini kuulizia jiwe aliambiwa mhusika ametoka, na alikwenda mara nne. Safari ya tano alifuatana na baba yake Kabula na wale wazee watano, na blanketi zao mabegani. Mmoja wao alimwambia Bwana Mahona, "Sisi tuliwaona Wamsumbiji kule. Tulikula nao. Hamkutuuliza, na sisi tulinyamaza kwa sababu tulikuwa tumepewa viti." Mtendaji alikuna shingo. Hakukubali jiwe livunjwe, alisema ni mali ya umma. Ila kulikuwa na nafasi imebaki, chini kabisa, karibu na ardhi.

Fundi mchongaji aliongeza mstari mmoja kwa herufi ndogo: ALIBEBWA NA MARCELO WA MSUMBIJI. Juu yake, kwa herufi kubwa, bado yalisomeka maneno PEKE YAKE. Majina yale matatu hayakupata nafasi.

Mwezi wa kumi na moja mvua zilianza, na nyasi za langoni zikapanda. Siku moja Mwalimu Faudhia alilitoa darasa zima nje, akawaonyesha jiwe. "Someni." Walisoma. Walifika mwisho mapema, kwa kuwa mstari wa chini ulikuwa umemezwa na majani.

"Mnakumbuka mtendaji alisema nini darasani?" aliuliza mwalimu. "Alisema mtu anayemsahau aliyemwaga damu kwa ajili yake si mtu. Mlipiga makofi. Pigeni na leo."

Hakuna aliyepiga.

"Sikilizeni basi. Ni rahisi kudai deni la damu kwa jirani. Taifa zima linaweza kulidai, na redio ikasaidia. Kazi ngumu ni kumtafuta yule anayekudai wewe, maana huyo hapigi kelele. Anasimama nyuma ya kamba. Kabla hujasema 'wametusahau', nenda kwanza kaangalie nani unampita kila asubuhi bila kujua jina lake. Na ukishaujua ukweli, useme mapema. Babu yake Kabula alikuwa mtu mwema, alichelewa tu, na tazameni kuchelewa kwake kumemgharimu nani."

Kisha aliwarudisha darasani. Kabula aliomba abaki. Alichukua fyekeo, akapiga goti, akaanza kukata nyasi taratibu ili asiyagonge maandishi. Alikuwa amefikia neno la mwisho aliposikia baiskeli ikisukumwa nyuma yake. Mzee Marcelo alisimama, akainama, akasoma kwa kusogeza midomo. Uso wake haukuonyesha furaha.

"Na wale watatu?" aliuliza.

"Wako kwenye daftari langu, babu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Mzee alitikisa kichwa kukubali, akageuza baiskeli yake kuelekea sokoni.

"Basi usilipoteze," alisema. "Na wiki ijayo njoo ufyeke tena. Mvua bado ni nyingi."